Uso wa Ronel

Islande angeweza kusema hapana. Neno lenyewe halina hata uzito, mtoto wa miaka miwili analisema kutwa nzima. Mwalimu Gasner alipoinama kwenye kapu la Islande, akatoa kile kinyago kilichofungwa kitambaa chini kabisa na kuuliza mbona huyu amefichwa, Islande angemjibu kwamba bado hakijakauka, au ni cha mteja, au asikiguse tu, basi. Hakusema. Alibaki na brashi yake mkononi, akamwangalia mwalimu akiondoka nacho kuelekea kwa Evens, na moyo ukamwenda mbio. Haukuwa woga peke yake. Ndani yake mlikuwa na hamu, na hiyo hamu ndiyo iliyokuja kumnyima usingizi.

Lakini tusimhukumu kabla hatujasikia.

Ilikuwa wiki ya likizo ya Pasaka, na pale sekondari kwetu Jacmel kulikuwa na sinema inapigwa. Usicheke. Gasner, mwalimu wa Kifaransa, mtu wa maneno mengi na mfuko mtupu, alikuwa ameandika hadithi ya wanafunzi wa kidato cha pili waliokula uji mbovu wa kantini wakageuka mazombi, na waliopona ni wale wachelewaji tu. Kamera ilikuwa simu yake mwenyewe, imefungwa kwa mpira juu ya toroli la kubebea mchanga. Taa ilikuwa bati la kuezekea, Evens analishika juani ili mwanga uingie kwenye korido. Damu ilikuwa maji ya bitiruti yaliyochemshwa na asali ya miwa, kwa hiyo nyuki walijaa, na mazombi walioagizwa watembee polepole wakawa wanatimua mbio mpaka chooni. Gasner alisema hiyo ndiyo picha bora kuliko zote.

Mlinzi wa shule, mzee Dieujuste, hakufurahishwa. Kila siku alilalamika kwamba zombi hamng'ati mtu. Zombi ni marehemu wa watu, aliyechukuliwa na wabaya kaburini akatumikishwa, anafanyishwa kazi shambani hana jina wala hiari. Zombi ni wa kuonewa huruma, sasa huyu mwalimu anawafundisha watoto kumcheka. Gasner akamjibu kwamba watazamaji wanataka kung'atwa, na zombi wa kulima miwa ataangaliwa na nani?

Nyuso za mazombi zote zilitoka kwa mikono ya Islande. Yeye ni binti wa Bosi Odilon, fundi wa vinyago vya Kanivali, na hakuna asiyejua karakana yao kule mtaani: udongo, karatasi za mifuko ya saruji, uji wa wanga wa muhogo, rangi. Unafinyanga uso kwa udongo, hilo ndilo kalibu. Unaubandika karatasi, tabaka juu ya tabaka, ukikauka unaubandua na kuupaka rangi, na kalibu unaliweka rafuni kwa mwaka mwingine. Islande alifanya kazi hiyo bure, kwa kuwa Evens ndiye aliyemwomba, na Evens akimwomba kitu akili yake yote inalegea.

Evens Lifaite ni fundi umeme. Mrefu, mpole, si msemaji. Walikuwa wamependana mwaka mzima na ushei, na mwaka mzima na ushei mama yake, Madan Lifaite, alikuwa amesema haiwezekani. Mama yule ni mlokole, muuza vitu vya kukaanga pale sokoni, na kwake yeye ukoo wa vinyago ni ukoo unaocheza na shetani kila Februari. Alimwambia Evens kwamba kuliko akamposee mtu wa karatasi, heri abaki mhuni. Evens hakubishana. Aliendelea kumpelekea mama yake mkaa, aliendelea kwenda naye kanisani, na kila Jumapili wakitoka ibadani alimwuliza tena swali lile lile. Maji ya tone kwa tone hujaza ndoo. Baada ya Kanivali mama akachoka, akasema haya, Jumapili ya baada ya Pasaka watakwenda kwa Bosi Odilon kumwomba binti.

Islande aliposikia alilia kwa furaha. Baadaye, peke yake, alilia tena, na safari hiyo hakuijua sababu, au aliijua akaikataa.

Sababu ilikuwa na jina. Ronel, kaka yake Evens. Alikufa miaka sita iliyopita, kijana mzima wa afya, homa ya ghafla, leo anacheza mpira, keshokutwa yuko jenezani. Kwetu kifo cha namna hiyo hakiachwi kipumzike. Minong'ono ilianza kabla maua ya kaburini hayajanyauka: Ronel hakufa, Ronel ameuzwa, kuna mama mmoja wa soko amemwona kule bondeni Léogâne amebeba miwa, kichwa chini, hajibu salamu. Madan Lifaite aliwaambia watu kanisani kwamba huo ni upuuzi wa wasiomjua Mungu. Kisha alipanda gari akaenda Léogâne, akapita shamba hadi shamba akiwachungulia vibarua usoni, mmoja mmoja. Alirudi peke yake.

Na lile kalibu la mwisho kabisa kwenye rafu ya karakana, lililofunikwa gunia, lilikuwa uso wa Ronel.

Mwezi ule Islande alipokuwa anatengeneza nyuso za sinema alilitoa akalipangusa vumbi, akajidanganya kwamba anahitaji sura moja zaidi tu. Akabandika karatasi. Akapaka rangi ya kijani, akachora jeraha shavuni, na bado alikuwa yeye. Basi akakifunga kitambaa, akakitia chini ya kapu. Alitaka tu kiwepo.

Siku hiyo sasa zombi mmoja aliugua tumbo kwa kuilamba damu. Gasner akamwambia Evens aweke bati chini, avae yeye. Akamjia kwa nyuma, akamvisha kichwani kile kinyago alichokitoa kapuni na kukaza kamba, Evens akicheka chini ya karatasi, hajaona amevishwa nini. Akaambiwa aingie korido, atoke mlango wa darasa la mwisho, aje polepole, mikono mbele.

Evens akaja.

Islande akasahau kupumua. Mabega yalikuwa yale yale, mwendo ule ule wa kuburuta mguu wa kulia kidogo, mwendo wa watoto wa Lifaite. Na juu yake ule uso. Ronel alikuwa anatembea mchana kweupe katika korido ya shule, jua likimpiga shavuni, na Islande, mchumba wa mtu, alitamani korido ile isiishe. Mungu anisamehe, alijisemea. Hakufumba macho.

Wakati huohuo Madan Lifaite akaingia getini.

Hakuna aliyemtarajia. Alikuwa na beseni la ndizi za kukaanga kichwani, na kachumbari ya pilipili kwenye kopo, na gauni lake la Jumapili. Kumbe alikuwa ameamua mwenyewe kuja kuwalisha watu wa sinema, ili akina Odilon wasije wakasema amekuja kuposa kwa kununa. Alimwona Islande kwanza, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu wafahamiane. Kisha akageuza macho koridoni.

Alilitua beseni chini taratibu, hata ndizi moja haikudondoka. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni na kutoa kipakiti cha chumvi anachowanyunyizia wateja. Akakimimina kiganjani. Halafu akaanza kutembea kumfuata yule zombi.

Hakuna mtoto wa Jacmel asiyejua maana yake. Zombi halishwi chumvi. Akiionja tu anazinduka, anajua kwamba amekufa, na hakuna wa kumzuia tena, anarudi mwenyewe kaburini akapumzike. Mlokole au si mlokole, Madan Lifaite alinyonyeshwa hayo na maziwa. Dini ni dini, lakini mtoto ni mtoto.

Wanafunzi walidhani ni kichekesho kipya. Gasner alisukuma toroli lake akiwa na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Evens naye, chini ya karatasi, aliona mama yake kupitia vitundu vya macho, akadhani ameletwa kucheza, akazidi kunguruma. Mama akasimama mbele yake. Akauinua mkono wenye chumvi mpaka karibu na mdomo wa kinyago, na mkono haukwenda mbele.

"Ronel," akasema. "Mwanangu. Wamekukondesha."

Evens akaacha kunguruma.

Alifungua kamba, akakivua, akakigeuza. Alikitazama kwa muda mrefu, na sisi tuliokuwepo tulimwona anavyobadilika, rangi ikimtoka. Toroli lilisimama. Mzee Dieujuste alivua kofia. Madan Lifaite alimtazama mwanawe aliye hai kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, kisha akakunja ngumi juu ya chumvi yake, akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya korido na gauni lake la Jumapili.

Islande alikwenda. Alitaka kumwinua mama, mama akautoa mkono wake bila nguvu na bila hasira, kama anayeondoa nzi.

"Huu uso umeutoa wapi?" Evens akauliza.

"Kuna kalibu kule nyumbani."

"La baba yako?"

"La kwangu. Nimelifinyanga mimi."

Evens alimwelewa upesi kuliko alivyotaka. Alikuwa amekaa karakana ile jioni nyingi, anaijua kazi ya Islande. Anajua kwamba Islande hafinyangi uso wa mtu kwa kumbukumbu, lazima amlaze mkekani, mtu mwenyewe afumbe macho, naye ampapase paji, pua, midomo, kisha mikono ihamie kwenye udongo, irudi tena usoni. Ni kazi ya mchana kutwa. Hakuna anayempa mtu uso wake hivyo kama hakuna kitu baina yao.

"Mimi nimekuomba uniumbe mara ngapi?" akasema. "Ukaniambia sura yangu ngumu. Ukaniambia tutafanya baada ya Kanivali. Kanivali imepita."

"Evens, alikuwa amekufa kabla sijakujua wewe."

"Nalijua hilo. Nilibeba jeneza. Mlipendana?"

"Ndiyo."

"Mbona hakuna aliyejua?"

"Kwa sababu ya mama," Islande akasema, akimtazama yule mama pale chini. "Ronel aliogopa kumwambia. Alisema tungoje kidogo. Halafu homa ikaja, na sikuweza hata kuja msibani nikakaa na wanawake wenu. Nilisimama nyuma na watu wa mtaani. Sikuwa na haki ya kulia kwa sauti."

Evens alimsikiliza mpaka mwisho. Angekuwa mtu wa kupiga kelele ingekuwa nafuu. "Sikuulizi ya Ronel," akasema. "Ronel ni kaka yangu, nani asingempenda? Nakuuliza ya leo. Gasner alipochukua hiki kinyago ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukaniacha nikivae."

"Nilitaka kumwona anatembea. Mara moja tu. Nisamehe. Nilikuwa najua ni vibaya na bado nilitaka."

Hapo ndipo Madan Lifaite aliposema, na hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa. "Nilifurahi," akasema. "Nilipomwona nilifurahi. Niliona ni mtumwa wa watu, hana akili, amekuwa kijani, nikasema ahsante Yesu, yupo. Chumvi ninayo mkononi. Kumpa apumzike nikashindwa. Mama gani mimi?" Akamwinulia Islande macho, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mlokole wala mtu wa vinyago, walikuwa wanawake wawili wenye kosa moja.

Lakini Evens alikuwa amesimama katikati yao, na hakuna kati yao aliyekuwa anamtazama yeye. Aliliona hilo. Nasi tuliliona.

"Islande," akaita. "Mimi nina nini usoni ambacho Ronel hakuwa nacho?"

Lilikuwa swali jepesi. Islande alifungua mdomo. Alitafuta, akampata Ronel, akatafuta tena, akampata Ronel. Machozi yalimteremka.

Evens akapiga magoti mbele ya mama yake, akaikunjua ile ngumi kidole kimoja kimoja, akachovya chumvi, akailamba. "Basi, mama, mimi nimezinduka," akasema. Akampa kinyago, akainuka, akatoka getini, na bati lake akaliacha pale chini likiwaka jua.

Madan Lifaite alikifunga kinyago ndani ya aproni. Kabla hajaondoka alimwambia Islande kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko tusi, kwamba Jumapili wasiwapikie, hawaji. Beseni la ndizi lilibaki. Kwa muda hakuna aliyethubutu kuligusa, kisha mazombi wakaanza kula mmoja mmoja, kimya, na nyuki juu yao.

Siku zilizofuata Islande hakutoka karakana. Alimweleza baba yake kila kitu, na Bosi Odilon, ambaye alikuwa amekwisha kununua kuku na soda za wageni, alikuna kidevu akasema kosa si kumpenda marehemu, kosa ni kumwazima aliye hai amvae. Baada ya hapo hakumsema tena. Islande alichukua udongo akajaribu kumfinyanga Evens. Pua ikaja ya Ronel. Akavunja. Kidevu kikaja cha Ronel. Akavunja tena. Alikuwa amelala kifuani kwa mtu yule, amemlisha kwa mkono wake, ameapa atamzalia watoto, na mikono yake haikumjua. Hakuna aibu aliyowahi kuionja iliyofikia hiyo.

Jumapili ikafika. Kwetu upande wa mwanamume ndio unaokwenda kuomba, wamevaa, wameshika chupa zao. Binti anakaa ndani akingoja kuitwa. Binti anayetoka kwenda mwenyewe kwa mwanamume siku hiyo, tena amekataliwa, anaivua familia yake nguo barabarani. Islande alivaa lile gauni la njano lililoshonwa kwa ajili ya posa, akajaza ndoo udongo mbichi, akajitwisha. Akakatiza mtaa mzima mchana kweupe. Watu walitoka vibarazani. Mwanamke mmoja akamuuliza kama anakwenda kujenga au kuolewa, wengine wakacheka, naye akapita.

Madan Lifaite alifungua mlango. Nyuma yake, ukutani, kando ya mstari wa Biblia uliowekwa kwenye fremu, Islande aliuona uso wa Ronel umetundikwa. Rangi ya kijani ilikuwa imefutwa kwa mafuta, pole pole, hata karatasi haikuchubuka.

"Umekuja kuomba msamaha?" mama akauliza.

"Msamaha nitauomba mpaka nizeeke, mama. Leo nimekuja kuomba uso wa Evens, kama atanipa."

Madan Lifaite alimtazama, akaitazama ndoo, akalitazama gauni la njano lililochafuka udongo begani. Hakusema karibu. Alisogea tu pembeni, mlango ukabaki wazi.

Evens alikuwa uani anatengeneza feni ya jirani. Alimwona, akaendelea kukaza skrubu. Islande akatua ndoo, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba amejaribu kumfinyanga kwa kumbukumbu ameshindwa, kwamba swali lake la juzi lilikuwa la haki, na kwamba hataki kumpa jibu la kubuni. Akimfukuza ataondoka na udongo wake. Evens alikaza skrubu mpaka zikaisha. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

Islande akanawa mikono. Kwa mazoea tu akasema, "Fumba macho."

"Hapana," Evens akasema. "Ronel alifumba. Mimi sifumbi."

Basi akaugusa uso wake huku akitazamwa. Hajawahi kufanya kazi hivyo. Kila alipotaka kukimbilia kwenye kumbukumbu, macho yale yalikuwa pale, hayamwachii. Aliona jicho la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Aliona alama ndogo ya moto wa umeme chini ya sikio, na hakujua ameipata lini. Vidole vilifika kwenye taya, vikakuta limekazwa, gumu, mshipa unapiga.

"Umeona nini?" Evens akauliza.

"Una hasira," Islande akasema. Alikuwa analia, lakini hakuyaondoa macho yake. "Ronel hajawahi kunikasirikia."

"Hiyo ni yangu," Evens akasema. "Anza na hiyo."